Bangili za Bibi na Mashine ya Hori: Jinsi Tulivyochagua Mashine ya Kwanza, 1976



Katika mkusanyiko wa Idi iliyopita binti mmoja wa kizazi chetu cha nne aliniuliza swali ambalo najua wengi wenu mmewahi kulisikia: bangili za Bibi zilikwenda wapi? Katika picha iliyopigwa Wete kabla ya safari, mkono wake wa kulia una bangili sita za dhahabu. Katika picha ya Batinah, iliyopigwa miaka michache baadaye, mkono ule ni mtupu. Wapo wanaosema ziliuzwa Mombasa kwa ajili ya nauli. Wapo waliosema maneno mabaya zaidi ya hayo, na waliotuhumiwa wamekwisha kutangulia mbele ya haki, hawawezi kujijibia. Mimi nilikuwapo. Bangili zile zilinunua mashine ya kuvulia, na katika kuichagua mashine hiyo nilifanya kosa ambalo marhumu Ami alilificha mpaka akafa. Nimeona si haki siri hiyo izikwe pamoja nami.

Ili mpate kulielewa kosa lenyewe, yafaa kwanza mjue mashine hizi zilitoka wapi na zina tabia gani.

Mashine ya kupachikwa tezini, inayoinuliwa kwa mikono na kuondolewa kazi ikiisha, si kitu cha kale. Cameron Waterman wa Marekani alipata hataza ya mashine ya namna hiyo mwaka 1907. Miaka miwili baadaye, mwaka 1909, Ole Evinrude, fundi mzaliwa wa Norway aliyekulia Marekani, alianza kuuza yake mjini Milwaukee. Ilikuwa na nguvu ya farasi mmoja na nusu tu, na uzito wa ratili 62 hivi. Uingereza nako, katika miaka ya 1930, zikaanza kutengenezwa mashine zilizoitwa British Seagull, zenye rafadha kubwa inayozunguka polepole, zinazowashwa kwa kuzungushiwa kamba kichwani. Moja ya hizo niliiona utotoni Pemba, katika mashua ya mfanyabiashara mmoja. Watoto tulikuwa tukikimbia gatini kila tukiisikia, maana sauti yake ilitangulia mashua kwa muda mrefu. Baadaye Wajapani wakaingia. Yamaha ilitoa mashine yake ya kwanza ya namna hii mwaka 1960, na haukupita muda mrefu mashine za Kijapani zikajaa katika pwani zote za Bahari ya Hindi.

Wazee wetu hawakuzihitaji. Ami alikuwa mvuvi wa hori za Wete, na maji ya upande ule yana visiwa vidogo, mikoko na mafungu ya mchanga. Wakati wa bamvua bahari hupanda na kushuka karibu mita 4, na mahali ulipopita asubuhi kwa tanga, jioni unapita kwa miguu. Mvuvi wa pale alikuwa na vitu vitatu: tanga kwa maji makuu, kafi kwa maji matulivu, na pondo kwa maji machache. Pondo ndilo lililokuwa elimu yake. Kwa pondo alijua kina, alijua kama chini ni tope au mchanga au mwamba, na alijua kama amebakiwa na saa moja au nusu saa kabla ya kukwama.

Tulitoka Pemba mwaka 1973, mimi nikiwa na miaka 13. Baba alikuwa amekwisha kufariki, na Ami ndiye aliyenichukua pamoja na Bibi. Tulikaa Mombasa miaka miwili, nikapata Kiingereza kidogo cha shule. Mwaka 1975 tukafika Oman, kama walivyofika wengi wa jamaa zetu baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970 na kuwaita Waomani walioko nje warudi. Wengi walipata kazi maofisini, kwa sababu walijua kusoma na walijua lugha. Ami hakuwa mtu wa ofisi. Alikwenda Batinah, akatafuta bahari.

Batinah ni pwani ndefu ya mchanga isiyo na ghuba za kujifichia. Wavuvi wake walitumia shasha, chombo kilichofungwa kwa makuti ya mtende na kujazwa vipande vya kuti ndani ili kielee. Chombo hicho hunyonya maji, na baada ya saa chache baharini hutolewa kikaanikwe. Pia walitumia huri, mtumbwi wa gogo moja ulioletwa kutoka pwani ya Malabar, India. Ami aliposikia jina hilo kwa mara ya kwanza alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alikuwa amevuka bahari nzima akidhani anaanza maisha mapya, kumbe chombo chake kinamngoja kwa jina lile lile.

Alinunua hori kuukuu kwa akiba yote aliyokuwa nayo. Ncha zake mbili zilikuwa nyembamba, omo na tezi sawasawa, lakini mwenyewe wa kwanza alikuwa amekata tezi na kuweka ubao wima, tayari kwa mashine. Mashine yenyewe haikuwapo. Mwaka mzima Ami alivua kwa kafi karibu na ufuo, akiwaona wenye mashine wakirudi na kingfish wakati yeye ana dagaa. Ndipo siku moja baada ya sala ya alasiri Bibi akamwita, akazivua bangili moja moja, akaziweka juu ya mkeka.

“Upepo haulipiwi,” Ami alimwambia. “Petroli ni kila siku, mama.”

“Na watoto hawali upepo,” Bibi akajibu. Hapakuwa na maneno zaidi.

Sasa ndugu zangu, kuchagua mashine kwa maji machache ni tofauti na kuichagua kwa maji ya kina. Vijana wa ufukweni walimshauri Ami achukue yenye nguvu ya farasi 40, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa fahari ya wakati ule. Ami aliuliza jambo moja tu: ina uzito gani? Mashine ya farasi 40 hupita kilo 70. Ya farasi 15 ni karibu nusu ya hapo. Uzito huo wote unakaa tezini. Tezi ikizama inchi tatu, umejiongezea inchi tatu za kina unachokihitaji, na hori nyembamba haina tumbo la kuubeba mzigo huo nyuma. Isitoshe, chombo cha Batinah huburutwa mchangani kila siku, na mashine hubebwa begani mpaka nyumbani. Akaamua farasi 15. Mpaka leo, baada ya kusoma na kuuliza sana, sijaona kosa katika uamuzi ule.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa na miaka 16, na mimi ndiye niliyejua kusoma. Dukani tulikuta masanduku mawili ya mashine za nguvu ile ile. Moja limeandikwa herufi S, jingine L, na la L lilizidi bei kidogo. Ami aliniuliza tofauti ni nini. Kitabu cha maelezo kilikuwa juu ya meza, sikukifungua. Nilikumbuka masomo yangu ya Mombasa, nikamwambia kwa sauti ya mwalimu kwamba S ni ndogo na L ni kubwa, basi L ndiyo bora. Muuzaji hakusema neno. Bangili ya sita ndiyo iliyolipia tofauti ile ya bei.

Herufi zile hazisemi ukubwa. Zinasema urefu wa mguu, yaani kile kiungo kinachoshuka kutoka kichwa cha mashine mpaka kwenye rafadha. Mguu mfupi umepimwa kwa ubao wa tezi wenye urefu wa inchi 15, yaani sentimita 38. Mrefu ni kwa ubao wa inchi 20, sentimita 51 hivi. Juu ya rafadha pana bamba la chuma lililolala. Mashine ikipachikwa sawa, bamba hilo huwa usawa wa sakafu ya chombo au chini yake kidogo. Likiwa juu mno, rafadha hunyonya hewa na kuzunguka bure. Likiwa chini mno, mashine hulima maji, hula petroli, na rafadha hutangulia kugusa chini kabla ya chombo. Ubao wa hori yetu ulikuwa wa inchi 15. Kwa kutojua kwangu, tulikuwa tumening’iniza sentimita 13 za chuma chini ya chombo ambacho kazi yake yote ilikuwa kupita juu ya mafungu.

Siku mbili za kwanza zilikuwa za heri. Siku ya tatu upepo wa shamali uliamka mapema, na Ami akarudi haraka na mwanawe mkubwa, maji yakiwa yanakupwa. Mbele ya ufuo palikuwa na fungu ambalo hori ilivuka kila siku bila kugusa. Rafadha ilipiga mchanga. Mashine hizi huwekewa pini laini kwenye rafadha, ambayo hukatika makusudi ili meno ya ndani yasivunjike. Pini ikakatika kama ilivyokusudiwa, na hori ikabaki bila mwendo, ubavu wake umegeukia mawimbi. Wimbi la pili likaipindua. Mashine iliokolewa kwa kuwa Ami aliifunga kwa mnyororo. Nyavu zilikwenda zote. Binamu yangu alivunjika mkono wa kushoto, na nyote mliomjua mnakumbuka kwamba mkono ule haukunyooka tena. Sasa mnajua sababu.

Usiku ule nilichukua kile kitabu nikakisoma kwa taa, neno kwa neno, kwa kamusi. Nilipofika kwenye mchoro wa mguu nilifahamu. Nilikwenda kwa Ami nikamweleza nikilia. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, “Mwanangu, kitabu kinasema tufanyeje?” Nikamwambia ama tubadilishe mashine, ama tuinue ubao wa tezi. Mashine ilikuwa imekwisha kuzama, nani angeipokea? Akasema, “Basi tuinue. Na maneno haya yaishie hapa. Bibi yako asisikie.”

Tuliosha mashine kwa maji matamu, tukaifungua, tukaikausha, tukatia mafuta. Fundi wa mashua akapachika kipande cha mbao ngumu juu ya ubao wa tezi, akakikaza kwa bolti, mpaka bamba likawa usawa wa sakafu. Uzito ulikuwa juu kidogo kuliko inavyopendeza, lakini ilikwenda. Tangu hapo Ami alikuwa na kanuni zake. Akikaribia maji machache alifungua kizuizi cha kuinukia, ili mguu ukigusa chini upande wenyewe. Alipunguza mwendo, alimweka mtu omo na pondo, na akatupa jicho kwenye uzi wa maji unaotoka ubavuni mwa mashine. Sisi tulisema mashine inakojoa. Ikiacha kukojoa, mchanga umeziba njia ya maji ya kupozea, izimwe hapo hapo. Mashine ile ilifanya kazi miaka 9.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ilianza kuwasaidia wavuvi kununua mashine na boti za faiba kwa sehemu ya bei, na hori na shasha zikapungua ufukweni mwaka hadi mwaka. Ami alipopata boti yake ya faiba, alinichukua tena dukani. Nilikuwa karani tayari, nimevaa kanzu iliyopigwa pasi. Kabla hatujaingia alitoa mfukoni kipande cha kamba ya mshipi chenye mafundo mawili. Alikuwa ameupima ubao wa tezi nyumbani, katikati yake hasa, tangu ukingo wa juu mpaka sakafu. Akanipa kamba, akaniambia nisome herufi kisha nipime. Herufi ilikuwa L, na safari hii ilikuwa sahihi.

Bibi alifariki mwaka 1988. Hakuzidai bangili zake, wala hakuwahi kuuliza kwa nini mashine mpya ilipachikiwa mbao. Nafikiri alijua. Alikuwa akipenda kukaa barazani jioni, akisikiliza mlio wa boti zinazorudi, na aliweza kuitambua yetu kati ya nyingi.

Kamba ile yenye mafundo mawili ninayo, imo ndani ya kasha pamoja na pasi za kusafiria za Wete. Kile kitabu kimeliwa na mchwa, umebaki ukurasa wa mchoro. Ikiwa kati yenu yupo mwenye picha ya hori kabla ya kuuzwa, tafadhali aniletee nakala. Nataka iwekwe karibu na picha ya Bibi yenye mkono mtupu, ili atakayeuliza tena aone jibu mwenyewe.