Panya wa Bar Harbor: ginsi ishara ya kushiba ilivyotafutwa

Kwa wakati mrefu watu wengi, hata waganga wenye elimu, walimhukumu mutu munene kwa neno moja tu: ulafi. Wasomaji wapenzi, historia ya panya fulani inatufundisha kuhukumu polepole.

Katika mji wa Bar Harbor, inchi ya Marekani, kuna laboratware ya Jackson, inayofuga panya kwa ajili ya uchunguzi. Mwaka 1947 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa yake, ikabidi kuanza tena. Mwaka 1949 walionekana humo panya waliokula pasipo kushiba, hata uzito wao ukawa mara tatu ya panya wazima. Mwaka 1966 walitangazwa wengine, wanene vilevile, lakini wenye ugonjwa mkali wa sukari. Je, wote walipungukiwa kitu kimoja?

Douglas Coleman, mzaliwa wa Kanada, aliunganisha panya wawili wawili, ubavu kwa ubavu, ili damu yao ichanganyike kidogo kidogo. Njia hiyo ni kali, tusifiche neno hilo.

Kwanza alimwunganisha panya wa sukari na panya muzima. Yule muzima aliacha kula, akafa kwa njaa. Mugonjwa akaendelea kunenepa. Kisha alimwunganisha panya munene wa 1949 na muzima: munene alipunguza kula, wote wawili wakaishi. Mwisho, mwaka 1973, alieleza habari ya wanene wawili pamoja: yule wa 1949 alikufa kwa njaa, na yule wa sukari akazidi kunenepa.

Fikirini kijiji chenye ngoma ya habari. Mutu mumoja hana ngoma, lakini masikio yake ni mazima. Mwingine anapiga ngoma usiku na mchana, lakini ni kiziwi. Ndivyo Coleman alivyofahamu: katika damu mna ishara ya kushiba. Panya wa kwanza hawezi kuitengeneza. Wa pili anayo tele, lakini hawezi kuisikia. Wenzake wengi hawakukubali, kwani waliona unene kuwa tabia tu.

Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wa New York walipata jeni yenyewe. Ishara ile ni homoni inayotoka katika mafuta ya mwili. Waliiita leptini, kutokana na neno la Kiyunani la wembamba. Walipowadunga panya, wa 1949 walikonda, lakini wa sukari hawakubadilika. Coleman alikuwa amesema kweli.

Mwaka 1999 ilitangazwa kwamba mtoto wa miaka 9, mwenye kilo 94, aliyezaliwa pasipo leptini, alipewa homoni hiyo, akapungua kilo 16 kwa mwaka mumoja. Lakini watoto wa namna hiyo ni wachache sana. Watu wanene walio wengi wanayo leptini nyingi, na dawa hiyo haiwasaidii sana. Basi kazi haijaisha. Hata hivyo neno moja limethibitika: njaa ya mutu haitawaliwi na nia yake peke yake. Anayetaka kumshauri mwenzake munene aanze kwa kuuliza, si kwa kushitaki.