Draiva Mpya, Kerneli Kuukuu

Nchelenge na Kashikishi ziko ufukweni mwa Ziwa Mweru, mkoani Luapula, Zambia, na ng'ambo ya maji ni Kongo. Lusaka iko mbali mno, na mahali kama hapo kompyuta kuukuu hutengenezwa, haitupwi. Ndiyo maana historia ya draiva za Wi-Fi, yaani programu zinazoiwezesha kompyuta kutumia kadi yake ya Wi-Fi, inawahusu hata wavuvi wa Mweru na watoto wao.

Shida ilianzia ndani ya mfumo endeshi wa Linux. Wasanifu wake walikataa kuahidi kwamba makubaliano kati ya draiva na kerneli, yaani kiini cha mfumo, hayatabadilika. Mmoja wao, Greg Kroah-Hartman, aliutetea msimamo huo kwa waraka mzima: makosa ya zamani yapate kusahihishwa, yasibebwe milele. Hoja yake ni nzito, lakini mzigo ulimwangukia mwenye kerneli ya zamani, kwa kuwa draiva ya leo haijengeki juu yake.

Mwaka 2007 Linux 2.6.22 ilileta mac80211, msingi wa pamoja wa draiva za Wi-Fi uliotokana na kazi ya kampuni ya Devicescape. Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Aliyeletewa kwa posta diski ya bure ya Ubuntu 8.04, mfumo uliojengwa juu ya Linux, alibaki na kerneli 2.6.24, huku kadi mpya zikitambuliwa na kerneli za baadaye tu.

Luis R. Rodriguez na wenzake wakajibu kwa compat-wireless. Draiva hazikuandikwa upya. Zilichukuliwa mpya kama zilivyo, zikawekewa tabaka jembamba lenye kila kitendakazi ambacho kerneli ya zamani haikuwa nacho. Palipolazimu kugusa msimbo wenyewe, viraka vilitumika. Baadaye Coccinelle, zana ya Julia Lawall na wenzake, ikawezesha kanuni moja kurekebisha draiva nyingi. Kisha yote yakajengwa juu ya kerneli moja baada ya nyingine kuona ipi inakwama. Ni kazi ya subira, na inastahili heshima kubwa kuliko iliyopata.

Mwaka 2013 mradi ukaitwa backports. Toleo la Linux 3.10 lilirudi nyuma hadi 2.6.24 ya Januari 2008.

Ruta ya Linksys WRT54G haikuwa na bahati hiyo. Draiva yake ya Broadcom ilitolewa bila msimbo, kwa ajili ya Linux 2.4, nao mradi wa OpenWrt, unaounda programu za ruta, ukalazimika kuitunza kerneli hiyo kwa miaka.

Anayeinunulia vifaa shule au zahanati ya Nchelenge aulize kwanza kama msimbo wa draiva uko wazi. Ukifichwa, itakuwa vigumu sana kwa fundi kuviokoa vifaa hivyo.