Kasi ya modemu: Kagua waya wa simu kwanza

MGODI wa dhahabu wa Geita ulipofunguliwa mwaka 2000, Geita ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Huko, kama ilivyokuwa Shinyanga, aliyetaka intaneti kwa simu ya mezani alihitaji modemu na waya wa shaba. Simu ililipiwa kwa muda, hivyo kasi ndogo iliongeza gharama.

Namba 56 kwenye modemu, yaani kilobiti 56 kwa sekunde, ni kikomo, si ahadi. Kiwango cha V.90 cha mwaka 1998 hukaribia kikomo hicho iwapo tu mitambo ya simu ni ya dijitali. Vinginevyo kasi haizidi 33.6. Faili la megabaiti 1 huchukua takriban dakika 2 na nusu kwa kasi ya 56, lakini kwa 14.4 huchukua zaidi ya 9.

Kasi ikishuka, usikimbilie kununua modemu mpya:

1. Sikiliza mlio wa simu. Ukisikia mikwaruzo, waya una hitilafu. Modemu hupunguza kasi yenyewe ili data zisiharibike.

2. Chomoa simu nyingine za laini hiyo, kisha unganisha modemu ukutani kwa waya mfupi.

3. Linganisha siku kavu na za mvua. Kasi ikishuka wakati wa mvua, huenda maji yameingia kwenye maungio ya nje. Hiyo ni kazi ya kampuni ya simu.

Ukaguzi huo hufaa hata kwa intaneti nyingine zinazopita kwenye waya wa shaba.