Nani Aamue Kinachohesabiwa

Serikali ya Nelson Mandela ilipoingia madarakani mwaka 1994, Afrika Kusini ilikuwa na idara za afya 14. Kila bantustani, yaani eneo lililotengewa Waafrika weusi chini ya ubaguzi wa rangi, ilikuwa na yake, na kwingineko Wazungu, Machotara na Wahindi walihudumiwa kila kundi kivyake. Fomu nazo zilitofautiana, hivyo takwimu za huku zilikuwa hazijumlishiki na za kule.

Hapo ndipo Jørn Braa wa Chuo Kikuu cha Oslo, pamoja na wenzake wa vyuo vikuu vya Cape Town na Western Cape, walipoanzisha HISP, mradi wa mifumo ya taarifa za afya, katika wilaya tatu za majaribio eneo la Cape Town. Calle Hedberg wa timu hiyo akaunda DHIS ya kwanza, programu ya taarifa za afya za wilaya, juu ya Microsoft Access, na uchambuzi ukafanyika kwa majedwali ya Excel. Wahudumu wa wilayani walipewa matoleo yakiwa bado mabichi, wakayalalamikia, yakarekebishwa.

Kompyuta, hata hivyo, ilikuwa kazi nyepesi. Kasheshe ilikuwa kwa wakuu wa programu: wa kifua kikuu, wa chanjo, wa uzazi wa mpango. Kila mmoja alitaka maswali yake yote yaingie kwenye fomu, na mjazaji ni muuguzi yuleyule mmoja mwenye foleni mlangoni. Mwafaka uliofikiwa ulikuwa wa ngazi kwa ngazi. Taifa lichague viashiria vichache ambavyo kila kituo lazima kivitume. Jimbo liongeze vyake, wilaya vyake, kituo vyake, mradi asiwepo wa kufuta kilichokubaliwa juu yake. Mgawanyo huo wa mamlaka ulikuwa uvumbuzi mkubwa kuliko programu yenyewe.

Tanzania nayo ilikuwa na MTUHA, mfumo wake wa taarifa za huduma za afya, tangu miaka ya 1990, na vitabu vyake vikubwa vinavyojulikana katika kila zahanati. Miradi ya wafadhili ilipokuja na fomu zake, mama mjamzito mmoja akawa anaandikwa mara mbili, mara tatu. Zanzibar ilianza kutumia DHIS mwaka 2005, lakini kilicholeta mabadiliko zaidi ni warsha za kila robo mwaka. Timu ya wilaya haikutuma tu ripoti. Ilisimama mbele ya wilaya nyingine na kuzitetea tarakimu zake. Wilaya ikidai imechanja zaidi ya asilimia 100 ya watoto, wenzao watataka kujua: makadirio ya idadi ya watoto yamekosewa, wametoka wilaya jirani, au kuna aliyejumlisha vibaya? Aliyekuwa mkusanyaji tu akawa mfafanuzi. Mijadala hiyohiyo ikazirudia fomu na viashiria, vikafanyiwa marekebisho.

Kenya ilikwenda njia nyingine. Mwaka 2011 iliisambaza DHIS2, toleo la DHIS linalotumika kupitia intaneti, nchi nzima kwa seva moja kuu, maofisa wa kumbukumbu za afya wakiingiza takwimu kwa intaneti ya modemu za simu. Mfumo ukikaa kwenye kompyuta ya wilaya, mwenye kompyuta ndiye mwenye takwimu, na virusi vikiingia zimepotea. Seva kuu ilimwondolea mtu huyo ufalme wake. Badala yake likazuka suala la nywila: nani aingize, nani aidhinishe, nani aruhusiwe kubadili tarakimu ya mwezi uliopita?

Msimbo wa DHIS2, iliyoanza kutumika Kerala, India, mwaka 2006, unaandikwa kwa uongozi wa Oslo na hutolewa bure. Timu za nchi, ikiwemo ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hufundisha watumiaji, husanidi mfumo na kupeleka maombi ya maboresho. Wivu haukosekani hapo, maana anayeamua kipi kiingie kwenye kiini cha programu yuko mbali na zahanati. Lakini nchi zinaweza kutengeneza nyongeza zao pembeni, na nyongeza hizo husafiri. Mapema mwaka 2020, kabla Korona haijaenea duniani, timu ya Sri Lanka ilitengeneza moduli ya kufuatilia wasafiri wanaoingia nchini. Oslo iliichukua kazi hiyo, ikaijengea pakiti ya kusambazwa, na nchi nyingine zikaanza kuitumia.