Mgeni mbele ya ubao wa Korea

Mlangoni mwa shule nyingi za Korea Kusini kuna kabati la viatu. Hapo ndipo mwalimu mgeni wa Kiingereza anapopata somo lake la kwanza, kabla hajamwona mwanafunzi hata mmoja: viatu vya barabarani huishia mlangoni, ndani watu huvaa ndara. Mchana atapanga foleni ya chakula, ashike sinia la chuma lenye vishimo, huku wali, kule supu, na kimchi, mboga zilizochachushwa, haikosi. Wakishakula, walimu na wanafunzi hujazana kwenye sinki, kila mtu na mswaki wake.

Mgeni huyu ana historia ndefu. Mwaka 1882 Korea ilitia saini mkataba na Marekani, na serikali ya Mfalme Gojong ikahitaji haraka watu wanaojua Kiingereza. Mwaka uliofuata ikafungua shule ya wakalimani, kisha 1886 Yukyeong Gongwon, shule ya watoto wa wakubwa na maofisa vijana. Walimu wake walikuwa vijana watatu wa Kimarekani: Homer Hulbert, George Gilmore na Dalzell Bunker. Haikudumu, 1894 ilifungwa.

Lakini Hulbert hakusahaulika, naye ndiye ninayemheshimu kuliko wote. Alikuja kufundisha lugha yake, akakaa chini kujifunza ya wenyeji. Wasomi wa Korea siku zile waliandika kwa herufi za Kichina, wakiidharau Hangul, herufi zao wenyewe. Hulbert aliipenda. Akaandika kwa Hangul tupu kitabu cha jiografia ya dunia, Saminpilji, na Afrika imo. Japani ilipoibana Korea, aliitetea hadi The Hague, kulikokuwa na mkutano wa mataifa mwaka 1907. Miongo minne baadaye, 1949, akiwa mzee wa miaka 86, alirudi Seoul. Hakumaliza hata wiki mbili, akafariki. Kaburi lake liko Yanghwajin, karibu na mto Han.

Wimbi jingine lilifika 1966 na Peace Corps, shirika lile lile la Marekani la kujitolea lililoleta vijana Tanganyika mwaka 1961. Hadi 1981 vijana wake walifundisha kwenye shule za miji midogo. Mmoja wao, Kathleen Stephens, alifundisha Yesan katikati ya miaka ya 1970; mwaka 2008 akarudi akiwa balozi wa Marekani, na Kikorea chake mdomoni.

Mpango wa serikali wa sasa wa kuajiri walimu wageni, EPIK, ulianza 1995, na miaka miwili baadaye Kiingereza kikaanza kufundishwa tangu darasa la tatu. Viza ya kazi hii hutolewa hasa kwa raia wa nchi saba, na Afrika nzima ni Afrika Kusini peke yake. Kijana wa Kampala au Nairobi aliyesoma kwa Kiingereza tangu utotoni hahesabiwi, na hilo naliona si haki.

Darasani mgeni husimama pamoja na mwalimu Mkorea. Mkorea ndiye anayebeba mzigo wa sarufi na mtihani. Mgeni huwafungua watoto midomo. Kila Novemba unakuja mtihani wa kuingia chuo kikuu. Zamu ya kusikiliza Kiingereza ikifika, ndege haziruki wala hazitui nchi nzima, mpaka sauti ile ya kigeni kwenye spika imalize kusoma swali la mwisho.