Nyumba ya Magurudumu na Mvua ya Agosti

Sikukuu ya Agosti ya Waingereza ilizaliwa bungeni. Mwaka 1871 ilipitishwa sheria iliyowasilishwa na Sir John Lubbock, mbunge ambaye pia alikuwa mwenye benki, nayo ikazipa benki za England siku nne za kufunga milango: Jumatatu ya Pasaka, Jumatatu ya Pentekoste, Jumatatu ya kwanza ya Agosti, na siku inayofuata Krismasi. Benki zikifungwa biashara nyingi husimama, kwa hiyo maduka na karakana zikafuata. Reli zilikwisha kufika baharini kabla ya hapo, Brighton mwaka 1841 na Blackpool mwaka 1846. Jumatatu ya Agosti ikawa siku ya watu kujazana kwenye mabehewa tangu alfajiri, watoto mapajani, kwenda kuiona bahari.

Siku iliweza kupangwa, lakini mvua haikupangika. Uingereza haina masika wala vuli. Msafiri wa Mombasa au Zanzibar huijua miezi ya kukaa ndani na miezi ya kutoka, ila huko pepo za Atlantiki husukuma mawingu nchi kavu mwaka mzima, na Agosti ni mwezi wa jua na wa mvua kwa pamoja. Blackpool ilijaribu kujikinga kwa kujenga: mwaka 1878 ilifungua Winter Gardens, jengo lenye njia za kutembelea zilizoezekwa kwa vioo, watu wapunge hewa bila kulowa. Mnara wake mashuhuri ulifuata mwaka 1894, ukiwa na kumbi za burudani chini yake.

Tabu kubwa ilikuwa malazi. Katika nyumba nyingi za wageni za bei nafuu, desturi ilikuwa kwamba mgeni akishakunywa chai ya asubuhi anatoka, wala harudi mpaka saa ya chakula, ili mama mwenye nyumba apate kusafisha na kupika. Siku ya jua hakuna aliyelalamika. Siku ya mvua, familia nzima ilijibanza kwenye vibanda vya kando ya bahari, makoti yakichuruzika maji, ikihesabu saa huku chumba ilichokilipia kiko mitaa miwili tu kutoka hapo. Asiyeijua karaha hiyo hawezi kuelewa kwa nini watu walikuja kupenda kijumba chembamba cha mbao chenye magurudumu ambamo mtu mrefu hugonga kichwa. Mlango wake ulikuwa wao, na hakuna aliyewatoa.

Kijumba chenyewe hakikubuniwa kwa ajili ya likizo. Waromani na watu wa maonyesho ya kuhamahama walikuwa wakiishi katika magari ya farasi yenye paa la mbao tangu karne ya 19, na mafundi wao walijua mengi. Dohani ya jiko, kwa mfano, ilitokeza upande wa katikati ya barabara, kwa kuwa magari ya Uingereza hupita kushoto na matawi ya miti ya kando yangeing'oa. Aliyeigeuza nyumba hiyo kuwa chombo cha starehe ni Dk. Gordon Stables, Mskoti aliyekuwa daktari wa jeshi la majini na ambaye aliwahi kuhudumu kwenye meli ya doria iliyosaka majahazi ya watumwa katika pwani ya Msumbiji. Aliundiwa gari na kampuni ya mabehewa ya Bristol, akaliita Wanderer, na mwaka 1885 akatoka Twyford, kusini mwa England, hadi Inverness huko Scotland. Lilikuwa na uzito wa karibu tani mbili, likivutwa na farasi wawili, na mtumishi alitangulia kwa baiskeli ya magurudumu matatu kuangalia njia. Hiyo ilikuwa anasa ya mwenye nafasi. Wapenzi wa safari za namna hiyo waliunda chama chao, Caravan Club, mwaka 1907. Jina karavani lina asili ya Kiajemi, na maana yake ya kwanza ni msafara.

Motokaa ndiyo iliyoishusha bei. Mwaka 1919 Riley na mwanawe, wa kampuni ya Eccles mjini Birmingham, walianza kuunda karavani za kukokotwa na gari. Mbavu zilikuwa za mbao, kuta za plaiwudi, na mara nyingi paa lilikuwa la turubai lililopakwa rangi. Adui alijulikana. Barabara hutikisa, skrubu hulegea, pembe hufunguka uzi mmoja, na maji hayahitaji zaidi ya hapo. Mabati ya alumini yalipunguza uvujaji, lakini unyevu mwingine ulitoka ndani. Watu wanne wakilala katika chumba kilichofungwa, jiko la gesi likiwa limechemsha birika usiku, asubuhi vioo hutoa jasho, matone hushuka hadi kwenye magodoro, na ukungu mweusi huanza nyuma ya makabati. Matundu madogo ya hewa sakafuni na darini yaliwekwa kwa sababu hiyo, na pia kwa sababu jiko katika chumba kisicho na hewa huua.

Sheria ya mwaka 1938 ilihimiza likizo yenye malipo kwa wafanyakazi, kisha vita vikaja na fukwe nyingi za kusini na mashariki zikazungushiwa seng'enge na kutegwa mabomu. Amani iliporudi, haja ilikuwa kubwa kuliko vitanda vilivyokuwepo. Mtengenezaji Sam Alper alitoa karavani yake, Sprite, mwaka 1949 kwa bei ya chini ya pauni 200. Mashamba ya kando ya bahari yakajaa karavani, na pamoja nazo mabasi makuukuu na mabehewa yaliyostaafu, mengi bila choo wala maji.

Mvua ya Agosti iliweza hata kuua. Usiku wa Agosti 15, 1952, msimu wa likizo ukiwa umepamba moto, mvua ya takriban milimita 229 ilianguka juu ya nyanda za Exmoor, kusini magharibi mwa England, ndani ya saa 24. Mito ilishuka kwenye kijiji cha pwani cha Lynmouth ikibeba miamba na miti, na watu 34 wakafa, wakiwemo vijana maskauti waliokuwa wamepiga kambi kando ya mto.

Mwaka 1960 Bunge likayageukia mashamba yale yasiyo na choo wala maji, likapitisha sheria ya viwanja vya karavani: kwa kawaida kiwanja kiwe na leseni ya halmashauri. Viwango vilivyotolewa vilihusu maji safi, vyoo, njia ngumu zisizogeuka tope, na nafasi ya kama mita 6 kati ya karavani na karavani, moto usirukie jirani. Wakati huohuo magari yenye vitanda ndani yake yalikuwa yameshaingia barabarani. Westfalia ya Ujerumani ilianza na gari la Volkswagen mwaka 1951, na kampuni ya Martin Walter ya mji wa bandari wa Folkestone ikatoa Dormobile, ambayo paa lake liliinuliwa ili mtu asimame wima akipika huku nje kunanyesha.

Hatimaye siku yenyewe nayo ikahama. Kuanzia mwaka 1965, ili kupunguza msongamano, sikukuu ya Agosti ilisogezwa kwa majaribio hadi mwishoni mwa mwezi, na sheria ya mwaka 1971 ikaithibitisha Jumatatu ya mwisho. Scotland ilibaki na Jumatatu ya kwanza.