Adapta ya kujitengenezea ya miwani ya uhalisia pepe

Adapta ya miwani ya uhalisia pepe ni kifaa, au mfuatano wa vifaa, kinachounganisha miwani hiyo na mashine ya gemu ambayo haikuundwa kufanya nayo kazi. Ile ya kujitengenezea huundwa na fundi au mchezaji mwenyewe kwa vipuri vya dukani na vya mashine mbovu. Kazi zake ni tatu: kufikisha picha machoni, kurudisha mwendo wa kichwa kwenye mashine, na kugawa umeme. Kazi ya pili ndiyo iliyowashinda wengi. Kwa sababu hiyo adapta nyingi zinazosifiwa ni skrini kubwa ya kuvaa usoni, wala si uhalisia pepe.

Miwani ya kisasa yenyewe ilianzia kwenye karakana ya nyumbani. Palmer Luckey, kijana wa California, alikuwa akiunganisha skrini ndogo na lenzi kabla kampuni yake, Oculus, haijachangisha dola milioni 2.4 kupitia Kickstarter mwaka 2012. Juni 2014 Google ilitoa Cardboard: boksi la karatasi ngumu, lenzi mbili, na simu ya mtumiaji. Sony ilifuata Oktoba 2016 na PlayStation VR ya PS4, na mara moja wachezaji wakagundua kwamba kisanduku chake cha kati hupokea HDMI hata ya Xbox One au Wii U. Walichopata ni picha bapa iliyoning'inia mbele ya macho kama sinema. Agosti 2024 Sony ilianza kuuza adapta yake ya PS VR2, lakini ya kompyuta tu.

Picha. Tundu la USB-C la miwani ya Quest, ya kampuni ya Meta, halipokei HDMI. Katikati huwekwa kinasa picha, kidude kinachogeuza HDMI kuwa mkondo wa USB, na tangu 2024 Meta ina programu ya bure inayousoma mkondo huo ndani ya miwani. Asiye na Quest huunganisha kinasa na simu ya Android kwa waya wa OTG, unaoiwezesha simu kusoma kifaa cha USB, kisha simu huingia kwenye boksi la lenzi. PS4 huhitaji kwanza kuzimwa HDCP, kinga ya kunakili, kwenye mipangilio yake. Kwenye PS3 kinga hiyo haizimiki, na kinasa huonyesha giza. Kwa hiyo picha ya PS3 hupitishwa kwenye waya za analogi.

Hili la PS3 si dogo kwa msomaji wa Nduruma, kata ya tambarare mkoani Arusha, chini ya Mlima Meru, ambako mto wenye jina hilo hushuka kutoka mlimani. Mabanda ya gemu ya Tanzania yameishi miaka mingi kwa PS2 na PS3, na maelekezo yaliyoandikwa kwa mwenye PS5 hayamfai mtu wa huko. PS2 haina HDMI kabisa. Hutoa picha kwa waya za njano, nyeupe na nyekundu, hivyo huhitaji kinasa cha AV. Picha yake ikivutwa karibu na jicho, kila nukta huonekana.

Mwendo wa kichwa. Njia iliyozoeleka ni sensa ya MPU-6050, yenye jairoskopu na kipima mchapuko, ikiunganishwa na bodi ya Arduino Leonardo. Chipu ya bodi hiyo, ATmega32U4, hujitambulisha kwa USB kama pedi. PS3 huikubali bila maswali. PS4 hudai uthibitisho wa siri ambao pedi halali pekee huwa nao.

Hata bodi ikikubaliwa, tatizo halijaisha. Jairoskopu hupima kasi ya kugeuka, na kijiti cha kulia cha pedi nacho huamuru kasi, kwa hiyo vingetarajiwa kuelewana. Lakini gemu hupuuza msukumo mdogo wa kijiti ili kisitetemeshe picha, na huweka kikomo kwenye ule mkubwa. Ukigeuka polepole, hakuna kinachosogea. Ukigeuka ghafla, picha hubaki nyuma. Tofauti hizo hujilimbikiza, na baada ya dakika chache uso unatazama mlango huku gemu inatazama ukuta.

Kuna pia ucheleweshaji. Miwani halisi hulenga milisekunde zisizozidi 20 kati ya mwendo wa kichwa na picha mpya. Kwa picha 60 kwa sekunde, picha moja pekee huchukua milisekunde 16.7, na kinasa cha bei nafuu cha USB 2.0 hubana picha kabla ya kuituma. Matokeo ni kichefuchefu. Kuacha kijiti kifanye kazi yake kidoleni na kufurahia skrini kubwa ni uamuzi wa busara zaidi kuliko kusumbukia sensa.

Umeme. Waya wa HDMI huhakikisha miliampea 55 tu kwa volti 5, na tundu la USB 2.0 miliampea 500. Vidude vingi hutaka zaidi, na pawabenki ndiyo jibu la kawaida. Seli za lithiamu zisizo na kasha la kinga hazifai kufungwa kwenye boksi linalokaa usoni. Mashine zilizotengenezwa kwa soko la Japani ni za volti 100, na baadhi huungua zikichomekwa moja kwa moja kwenye 230 za TANESCO.

Ubunifu wa namna hii si mgeni Arusha. Bernard Kiwia, mmoja wa waanzilishi wa karakana ya Twende jijini humo, alijulikana kwa mashine zilizotokana na sehemu za baiskeli, ikiwamo chaja ya simu. Vifaa vyake havihusu gemu, ila mbinu ni hiyo hiyo: kuanza na kipuri kilichopo, kisha kuuliza kinaweza kubeba kazi gani.

Miwani iliyokamilika huhifadhiwa lenzi zikiwa zimefunikwa. Jua la mchana likizipitia hukusanywa kuwa nukta moja, na nukta hiyo huchoma skrini kwa muda mfupi.